Kiti cha Ukingoni: Niliyoyaona Nikiwa Mpishi wa Klabu ya Wanenguaji, Portland

Kiti cha ukingoni mwa jukwaa kina bei yake. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoelezwa nilipoanza kazi jikoni katika klabu moja ya wanenguaji uchi mjini Portland, jimbo la Oregon, na ndilo ambalo wageni wengi, hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo, hawalijui mpaka waambiwe. Meza za nyuma ni za kila mtu. Utakaa, utaagiza bia au soda, utakula, utapiga soga na mwenzako, na hakuna atakayekuuliza lolote. Lakini ukivuta kiti kinachogusana na mbao za jukwaa, umejiandikisha kulipa. Wimbo ukianza weka noti, ukija wa pili weka tena, na akipanda mnenguaji mwingine unaanza upya. Kama fedha zimekwisha, nyanyuka urudi nyuma. Hutachekwa.

Watu huniuliza mwanamke wa Tanga, mtoto wa madrasa, nilifikaje mahali kama pale. Sheria ndiyo iliyonifikisha. Oregon, baa inayouza pombe kali lazima iwe na jiko na itoe milo, si karanga na viazi vya paketi. Na jimbo lenyewe, kwa kifungu cha 8 cha ibara ya kwanza ya katiba yake, linalinda uhuru wa kujieleza kwa upana ambao majimbo mengi hayaufikii, na mahakama zake zimeuweka unenguaji humo ndani. Matokeo yake ni kwamba pombe, jukwaa na jiko hukaa chini ya paa moja, na klabu zimejaa mjini. Mary's Club ya katikati ya mji ni ya tangu miaka ya 1950. Casa Diablo haipiki nyama kabisa, na mteja akichenji fedha hupewa noti za dola mbili. Kila moja ya klabu hizi inahitaji mtu wa kukaanga viazi na mabawa ya kuku mpaka usiku wa manane. Nilikuwa na kadi ya mpishi ambayo jimbo hulazimisha, nilihitaji kazi ya usiku ili mchana niwe na watoto, na mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa hoteli niliyotoka. Nilipomwambia dada yangu mkubwa kwenye simu, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama wananilipa kwa wakati. Walinilipa.

Jiko letu lilikuwa na dirisha la kupitishia sahani, na dirisha lile lilitazama jukwaa kwa upande. Kwa hiyo niliwaona wanenguaji, na zaidi niliwaona wanaowatazama. Yote ninayoyasema hapa nimeyaona kupitia dirisha hilo, au nimeyasikia kutoka kwa mabinti wenyewe walipoingia jikoni kula.

Nilidhani, kama wanavyodhani wengi, kwamba klabu inawalipa na zile noti ni nyongeza. Sivyo. Mimi niliyekuwa nikikaanga viazi nilikuwa na mshahara wangu. Majimbo mengi ya Marekani humruhusu tajiri kumlipa mhudumu chini ya kima cha kawaida mradi bakshishi izibe pengo. Sheria ya shirikisho inakubali mpaka dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Oregon hairuhusu hilo. Mwosha vyombo, wa kaunta, mlinzi wa mlangoni na mimi, sote tulipata kima cha chini kamili, hata usiku ambao hakuingia mtu. Mnenguaji, ambaye ndiye aliyewaleta watu, klabu haikumpa hata senti. Alihesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri. Tena yeye ndiye aliyeilipa klabu: ada ya zamu, ambayo Jumanne ni ndogo, Ijumaa na Jumamosi ni kubwa, na ukichelewa unaongezewa. Zamu ikiisha, kabla hata hajavaa koti, anagawa tena: fungu la DJ, fungu la mlinzi, fungu la kaunta. Baadhi yao walipitisha mkono dirishani kwangu pia na kuniachia noti mbili tatu, ingawa hakuna aliyewadai. Nilikuwa nakataa, na mara nyingi nikashindwa.

Kulikuwa na binti mmoja mrefu aliyetoka jimbo la Georgia. Usiku mmoja wa Jumanne, mwezi wa Januari, mvua ile ya Portland isiyokatika, aliingia jikoni baada ya pombe kufungwa saa nane na nusu, akakaa juu ya ndoo ya mafuta niliyoipindua, akaanza kunyoosha noti zake gotini. Dola 74. Akatoa 40 za ada. Akatoa 15 za mafungu. Zilizobaki, 19, akazikunja akatia mfukoni, akaniuliza kama kuna kuku aliyebaki. Alikuwa juu ya viatu vile virefu tangu saa mbili. Ukumbini walikuwako watu, tena wa kutosha. Viti vya ukingoni vilikuwa na wanaume watano sehemu kubwa ya usiku. Walikuwa wakitazama mpira wa kikapu kwenye televisheni iliyo juu ya kaunta.

Tangu usiku ule noti iliyoko jukwaani sikuiona tena kuwa zawadi. Nimekulia kwenye kutuza. Tanga ya utoto wangu ilikuwa ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na katika harusi nimewaona mama zangu wakinyanyuka na noti imeshikwa juu kabisa, wakienda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, kwa sababu ubeti umewagusa, au kwa sababu ubeti ule unamfaa jirani aliyekaa safu ya pili naye apate habari. Pale mwimbaji alikuwa na chake kutoka kwa mwenye shughuli. Tuzo ilikuwa heshima juu ya ujira, na aliyekaa kitini usiku kucha bila kutuza hakumdhulumu mtu. Portland ujira wenyewe ndio unaowekwa mbele ya kiti. Anayekaa ukingoni bila kutoa anazuia nafasi ya yule ambaye angetoa, na mnenguaji anacheza mbele yake kwa hasara.

Mlinzi wetu wa mlangoni alinieleza jambo hili kwa namna yake. Alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Albina, mitaa ya kaskazini mwa Portland ambako weusi wengi walijenga maisha kutokana na kazi za reli. Babu yake alikuwa mhudumu katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kampuni hiyo iliajiri watu weusi waliotoka utumwani, ikawalipa kidogo, na ikawaachia abiria wamalizie kwa bakshishi. Abiria wengi hawakujisumbua kuuliza majina yao. Waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni. Babu aliitikia jina lisilo lake kwa sababu sarafu ilikuwa mkononi mwa anayemwita. Wahudumu wale waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na walihangaika mpaka 1937 ndipo kampuni ikatia saini mkataba. Mzee wetu alikuwa na hasira ya kurithi juu ya haya. Mteja aliyempigia mnenguaji mluzi, au aliyemwita kwa kualisha vidole, alimfuata mwenyewe mezani na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba wenye kazi hapa wana majina, wayatumie au watoke. Jina la jukwaani linatosha. Amelichagua yeye.

Ndiye aliyenifuata jikoni jioni moja akaniambia, "Mama, nadhani wale ni watu wako." Vijana wanne walikuwa wamejipanga ukingoni, bia moja kila mmoja, wamependeza, simu mezani. Mnenguaji alikuwa amemaliza nyimbo mbili mbele yao na mbao zilikuwa tupu. Nilipotoka na aproni yangu nikasikia Kiswahili cha Uvira.

"Wanangu, hamjambo. Hapa mlipokaa mnalipa."

Waliinuka nusu kwa adabu, kama mtu aliyekutwa na mama yake. Mmoja akasema, "Mama, tulishalipa ku mlango. Tutalipa tena?"

"Ile ya mlangoni ni ya mwenye nyumba. Huyu dada hajapata kitu."

"Aah! Sisi tulifikiri banamulipa."

Niliwaeleza kwa ufupi, na nyuso zao zilibadilika. Hawakuwa wachoyo hata kidogo. Walikuwa vijana wa ghalani waliotoka kupokea ujira wao wa wiki, wanajua vizuri uchungu wa kufanya kazi bila kulipwa. Mmoja alikwenda kaunta na noti ya 20 akarudi na za dola moja moja, akawagawia wenzake. Kisha akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Mama, naweka wapi?" Nikamwambia aiweke juu ya mbao, mbele yake, mikono irudi mapajani. Nilipochungulia tena baadaye, mnenguaji alikuwa upande wao, na wao wanapiga makofi kwa mpigo wa ngoma, wanne sawasawa, mpaka meza za nyuma zikaanza kuwafuata. Walirudi mara nyingi baada ya hapo, na mabinti waliwapenda.

Nasema hili kwa sababu hayo ya namna ya kuweka yana maana kuliko yanavyoonekana. Noti iwekwe imenyooka, haikuviringishwa kuwa kitonge, kwa sababu yule binti atazikusanya zote kwa dakika moja kabla mwenzake hajapanda. Sarafu zisirushwe kabisa. Kisigino cha inchi saba kikikanyaga sarafu kwenye mbao zilizong'arishwa, mtu anavunjika kifundo, na aliyejiajiri hana likizo ya ugonjwa. Noti isiwekwe mdomoni umngoje aichukue, wala usiichomeke kwenye nguo yake isipokuwa yeye mwenyewe amekusogezea mkanda na kukuonyesha. Wako wanaopenda kumwaga, wanapanga noti kiganjani na kuzirusha moja moja kama wanagawa karata. Hiyo inakubalika na inapendwa, ila kilichoanguka kimeshakuwa chake. Nimeona mtu akiinama kuokota alizorusha eti amezidisha. Mzee wa mlangoni alimsindikiza nje bila kupandisha sauti.

Mkija kikundi, kila kiti kinajitegemea. Mmoja hawezi kuweka dola moja kwa niaba ya watu sita. Sherehe za mabibi harusi watarajiwa zilikuwa na tatizo hili sana: kundi la wanawake kumi, vifijo, picha wanazotaka kupiga ingawa zimekatazwa, ukingo wote wameujaza, na mbao kavu. Nasikitika kusema hivyo juu ya wanawake wenzangu, lakini mabinti waliliogopa kundi la namna hiyo kuliko kundi la walevi. Na usisahau kaunta: dola moja kwa kinywaji ndiyo desturi, na wa kaunta ndiye atakayekuchenjia ukirudi. Mnenguaji usimwombe chenji. Hesabu ya usiku wake iko kichwani, unamvuruga.

Dansi ya faragha ndiyo inayoleta ugomvi mwingi, na karibu ugomvi wote niliousikia ulianzia mahali pamoja: hesabu ya nyimbo. Kwetu ilikuwa dola 40 kwa wimbo mmoja. Wimbo ukiisha, binti huuliza kama waendelee. Mteja amelewa raha, anaitikia kwa kichwa. Nyimbo nne baadaye anaambiwa 160 na anaruka, anadai alidhani yote ilikuwa dansi moja. Wateja wazuri waliuliza bei na mipaka kabla ya kuinuka mezani, na wakaweka fedha ya nyimbo wanazotaka mbele, zikiisha zimeisha. Hapo hakuna anayemwekea mwenzake kinyongo.

Sisi Waswahili tuna shida yetu katika jambo hili, nayo inatokana na malezi mema. Tumelelewa tusimwambie mtu "sitaki" usoni. Binti anakuja mezani, anajitambulisha, anauliza kama ungependa dansi, na wewe hutaki, au huna fedha, lakini unasema "baadaye", unatabasamu, unamwongezea maneno mazuri. Kwako umemstahi. Yeye amesikia ahadi. Atakizunguka kiti chako usiku mzima, atarudi mara mbili, tatu, atawaacha wengine ambao pengine wangemlipa. Binti wa Georgia aliniambia kwamba neno analolipenda kuliko yote kutoka kwa mteja asiyetaka ni "hapana, asante", likisemwa mara moja na kwa uso mkunjufu. Akishalisikia anakwenda zake na hana kinyongo. Niliwafundisha wale vijana wa Uvira kulisema. Iliwachukua muda.

Sasa, macho. Nimesema habari ya mpira wa kikapu. Klabu za Oregon nyingi zina televisheni, tena zina mashine za bahati nasibu ya jimbo kwenye kona, na usiku wa mechi ya Trail Blazers au usiku ambao mashine zimewashika watu, mnenguaji anacheza mbele ya migongo. Nilikuwa nikidhani hilo litawapunguzia aibu. Waliniambia kinyume chake. Mwenzao mmoja, aliyesomea dansi chuoni na ambaye angeweza kupanda mlingoti ule mpaka dari kwa mikono mitupu na kushuka kichwa chini polepole, alisema ukumbi mtupu haumuumizi, anajifanyia mazoezi. Kinachomuumiza ni mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwake, ameinamia simu, mwanga wake unammulika kidevu. Halafu wimbo ukiisha anasukuma noti bila kuinua kichwa. Noti anaichukua, kwa kuwa anaihitaji. Lakini ananena mwenyewe kwamba angeondoka na nguvu zaidi kwa mtu mwenye dola mbili anayetazama, anayeshangaa pale pa kushangaza, na anayepiga makofi. Pale jukwaani wanaona kila kitu. Wanajua nani anatazama dansi, nani anatazama mwili tu, nani anajitazama mwenyewe kwenye kioo cha nyuma.

Na wako waliotaka kununua zaidi ya dansi. Si lazima kile unachofikiri. Wengi walitaka kuwa wa pekee. Fedha ilikuwa imewapa tabasamu, kuulizwa habari za kazi, kukumbukwa jina, na baada ya wiki kadhaa wanasahau kwamba ni fedha. Wanaanza kuuliza jina la kweli. Wanauliza anaishi mtaa gani, ana watoto, ana mume. Wanauliza swali ambalo mabinti walilichukia kuliko tusi: kwa nini msichana mzuri kama wewe unafanya kazi hii? Walikuwa wakiingia jikoni wakiigiza sauti ya aliyeuliza, na nyuma ya mzaha nilisikia uchovu mkubwa. Mmoja wa watu hawa, kijana mwenye kazi nzuri ya kompyuta, alileta maua, akaleta mkufu, kisha akaanza kudai namba ya simu kwa haki ya vile alivyotoa. Alipokataliwa akawa anangoja kwenye maegesho. Alipigwa marufuku, na tangu hapo mzee wa mlangoni alimsindikiza kila binti mpaka garini, hata kama mvua inamwagika. Mkufu ule binti aliutupa kwenye pipa langu la takataka.

Lakini alikuwako pia mjane mmoja, mzee wa kizungu, aliyekuja Jumapili jioni wakati ukumbi haujachangamka. Alikaa meza ya mbali, aliagiza kuku na viazi, na alipotaka kuzungumza na mnenguaji aliweka kwanza noti tatu za 20 mezani, akasema anaomba dakika 20 kama hana kazi nyingine. Alijua kwamba muda wa yule binti ni riziki yake, na kwamba kumkalisha kwa maneno matupu ni kumzuia asiipate. Wakizungumza walizungumza habari za mawaridi, ambayo Portland inayajua sana, na ya mke wake aliyekuwa akiyapanda. Dakika zikiisha alishukuru na kurudi kwenye sahani. Hakuwahi kumshika mtu hata bega. Mabinti walimkatia keki siku yake ya kuzaliwa, na ile keki niliioka mimi bila kumdai mtu kitu. Nimekutana na watu wa dini wasiojua kuzungumza na mwanamke kwa heshima ile.

Lipo jambo lingine ambalo niliona haya kulitazama kupitia dirisha langu, nalo ni kwamba noti hazikuwa sawa kwa wote. Binti wa Georgia alikuwa mweusi, na alikuwa mmoja wa wanenguaji hodari tuliokuwa nao, lakini zamu za Ijumaa alizipata kwa kubembeleza, na meneja alikuwa na maneno yake ya kila mara kuhusu "aina ya wateja tunaotaka". Juni 2020, baada ya kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi, wanenguaji wa Portland wakiongozwa na Cat Hollis waliandamana na kugoma wakidai klabu ziache ubaguzi huu wa zamu na ziwafundishe mameneja wao. Binti wetu alikwenda. Klabu zilikuwa zimetikiswa na korona miezi ile. Lucky Devil Lounge ilikuwa imewageuza wanenguaji wake kuwa wapeleka chakula majumbani, mlinzi akiendesha gari, na jiko ndilo lililobaki likiingiza fedha. Wakati huo mimi na mwosha vyombo tuliweza kuomba msaada wa waliokosa kazi kwa karatasi zetu za mshahara, bila maelezo mengi. Mabinti walihangaika na fomu za waliojiajiri, wengine hawana rekodi yoyote ya kuonyesha zaidi ya daftari la kuandika ada.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na bango lenye namba ya simu ya kuwaeleza wanenguaji haki zao, lililotokana na sheria ambayo bunge la Oregon liliipitisha mwaka 2015. Kwa muda mrefu lilikuwa karatasi ukutani. Mwaka 2023 wakaanza kulisoma. Mwezi Mei mwaka huo wanenguaji wa Star Garden, huko North Hollywood, walijiunga na chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, na wakawa klabu pekee nchini yenye chama cha wafanyakazi, kwa sababu Lusty Lady ya San Francisco, iliyotangulia mwaka 1997, ilikuwa imeshafungwa mwaka 2013. Miezi michache baadaye wanenguaji wa Magic Tavern, hapo hapo Portland, nao walipiga kura kujiunga.

Basi jikoni kwangu kukawa baraza. Yule aliyesomea dansi hakutaka chama. Alisema chama kikija ataajiriwa, atapangiwa zamu, atakatwa kodi mapema, hataweza kwenda Seattle wiki akitaka, na klabu itawaacha wale wasiovuta watu. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuidharau. Mwingine aliogopa wateja watafunga mkono wakisikia kuna mshahara. Binti wa Georgia alitaka, na alitaka kwa sauti. Nami nilikuwa upande wake, na niliwaambia wote waziwazi huku natoa viazi kwenye mafuta: mwenye mshahara, hata ukiwa mdogo, anaweza kumwambia anayemshikashika aondoke, bila kwanza kupiga hesabu ya ada aliyobakiza. Nilikuwa nimeiona hesabu ile ikipigwa nyusoni mwao, usiku baada ya usiku, sekunde ile moja kati ya mkono wa mtu kumfikia na yeye kuamua amfanye nini.

Nilipoondoka kwenda kupika hospitali, kwa zamu za mchana, walikuwa hawajapiga kura. Ada ya Ijumaa ilikuwa imepanda tena.